Randevu ya Orpa na Kelly

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinazunguka sakafuni. Kilianza kwa mlio mpana, kikazidi kuharakisha, kikatetemeka, kisha kikalala. Mkono ukakiinua, kikazungushwa tena. Alfajiri haijapambazuka, giza bado limejaa chumbani, na Régine alikuwa macho nyuma ya pazia, anasikiliza. Alijua ni Orpa, binti yake. Alijua pia kwamba akikohoa tu, ile sauti ndogo inayofuatana na kifuniko itakatika.

"Kaa hapa," sauti ilisema. "We pia, kaa hapa. Hapana kusukumana. Muko wengi sana leo."

Régine alimgusa mumewe begani. "Papa Orpa. Sikia."

"Nini?" Ezechiel aliuliza, nusu usingizini.

"Anaongea."

"Kila siku anaongea."

"Na kifuniko cha sufuria?"

"Afazali kifuniko. Hakitamujibu mubaya." Akajigeuza upande wa ukuta.

Siku nyingine Régine angecheka. Lakini jana yake, alipokwenda kumchukua mtoto kwenye chekechea, Madamu Marguerite alikuwa amemsimamisha mlangoni, mbele ya akina mama wengine watano waliokuwa wanawafunga wanao viatu.

"Mama Orpa, uliniletea mutoto ao uliniletea foto?"

Wale akina mama wakacheka. Régine naye akacheka, kwa sababu hakujua la kuufanyia uso wake.

"Hii ni juma ya sita," mwalimu aliendelea, sasa kwa upole kidogo. "Hajanitajia hata jina yake. Leo amejikojolea pale pale kwenye mukeka, juu hakuweza kuniambia anataka kutoka. Niko na batoto makumi sita na babili, mama. Siwezi kusoma macho ya kila mumoja."

"Ku nyumba anaongea, Madamu. Anaongea sana."

"Ku nyumba kwake hata kuku anaongea. Sikia. Mwisho wa mwezi, siku ya kwanza, njo Jumatatu, nitaita kila mutoto mbele, nitamuuliza maneno matatu tu. Anayejibu anapanda darasa la kwanza. Asiyejibu anabaki na bale ba miaka mitatu, mwaka muzima tena. Haiko azabu. Lakini kule mbele hakuna mwalimu atamungojea."

Régine alirudi nyumbani amemshika Orpa mkono, nguo iliyolowa ameifunga ndani ya kitenge. Kilichomchoma si maneno ya mwalimu peke yake. Miaka mitano majirani walikuwa wanamsifia mtoto huyu. Walisema, mutoto wa fundi iko na adabu, unamuweka pahali asubuhi, unakuja kumukuta pale pale mangaribi. Naye akajivuna. Tangu Orpa aanze kutambaa alikaa chini ya cherehani, na mlango ulifungwa kwa kamba kwa sababu nje baiskeli za kabaza zinazobeba abiria na pikipiki zinapita kama zimefukuzwa. Jioni, Régine akienda darasa lake la Kiingereza, Ezechiel anamkalisha kwenye kibanda chake sokoni katikati ya simu zilizokufa. Mtoto amekua anaangalia migongo ya watu wazima walioinamia kazi.

Kulipokucha Orpa alikuja kusimama kando ya kitanda. "Mama," alisema kwa sauti yake nzima, ya nyumbani, "mi naweza kwenda na we leo?"

"Wapi?"

"Pale unaenda."

Siku hiyo Régine alikuwa anakwenda mjini na magauni.

*

Mayi Thokozani wa Area 47 alikuwa mteja mwema kuliko wote. Alimpata Régine kupitia mtu wa kanisani, akampenda kwa namna anavyokunja pindo, na tangu hapo kila miezi miwili anaagiza magauni ya chitenje, kitenge cha kwao. Kufika kwake kulitaka barua ya ruhusa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, gari mpaka mjini, halafu mwendo wa miguu kando ya kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Orpa alitembea ameshika sketi ya mama yake, kimya kama kawaida.

Walikuta geti limefunguliwa na gari la pili limesimama uani. Chini ya paa la nyuma watoto watatu walikuwa wamezunguka beseni la maji, wanamimina kwa vikombe vya plastiki, wanagombana, wanapatana. Mayi Thokozani na mwanamke mwingine walikuwa wanakunywa chai. Régine akapiga magoti, pini mdomoni, akaanza kupima pindo, na huku juu ya kichwa chake mazungumzo yakaendelea kama vile yeye ni kiti.

Yule mgeni alikuwa anasema juu ya mume wake aliyehamishiwa kazi Mzuzu, na yeye mwenyewe usiku anavyolala taa inawaka. Alikuwa anasema huku anacheka, kisha akaacha kucheka, akafuta macho kwa kitambaa cha chai. Mayi Thokozani alimshika goti. Akammiminia chai nyingine.

Mgeni alipoinuka kwenda kuwatenganisha watoto, Régine alitoa pini mdomoni. Kwa Kiingereza chake cha jioni, ambacho kila sentensi alikuwa anaipanga kwanza kichwani kama anavyopanga vitambaa mezani, aliuliza, "Huyu ni ndugu yako, Madamu?"

"Hapana! Ni mama wa mtoto anayesoma na wangu. Tunapanga tu. Jumamosi hii kwangu, Jumamosi ijayo kwake, saa nne mpaka saa sita."

"Mnapanga watoto wacheze?"

"Tusipopanga hawaonani, dada. Si unaona hizi kuta? Mtoto wangu alikuwa anaongea na televisheni." Akashusha sauti. "Na mimi nilikuwa naongea na friji."

Régine alicheka kwa adabu. Moyoni alikuwa anafikiri, Dzaleka nani atapanga? Kule watoto wamemwagika barabarani kama mahindi ya gunia lililotoboka. Halafu akamtazama Orpa, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye beseni, mikono nyuma, anaangalia maji yanavyoingia na kutoka kwenye vikombe. Hakusogea mbele. Lakini midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anahesabu vikombe vya wenzake, bila sauti, mpaka mwisho.

Régine akafikiri juu ya ile kamba ya mlangoni. Na yeye alikuwa na ukuta wake.

*

"Randevu?" Ezechiel aliweka kijiko chini. "Batoto bako na randevu? Kama ba-ministri?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama batakuja na secrétaire."

"Orpa anaogopa bantu wengi. Lakini batoto babili, batatu, kwa saa moja inayojulikana, mama zabo bako karibu. Niliona na macho yangu."

"Kule bako na bustani. We uko na mulango moja na cherehani."

"Niko na mukeka pia," alisema Régine, na kwa sababu alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, Ezechiel alirudia sahani yake.

Hapo ndipo Régine alipokosea. Angeweza kwenda kwa jirani mmoja, akakaa, akaongea juu ya mvua na bei ya unga, na mwisho akasema, lete mutoto acheze na wangu. Lakini Régine alitaka kulifanya jambo lake vizuri, kama mtu aliyesoma. Akachukua karatasi zinazobaki anapokata mifano ya nguo, akakata vipande vinane sawasawa, akaandika kwa rula na mwandiko wa darasani:

MWALIKO. Watoto wa miaka 4 hadi 6. Kila mtoto aje na mzazi mmoja. Jumamosi, saa nne kamili. Kwa Mama Orpa, fundi, nyuma ya bomba.

"Saa nne kamili" aliipigia mistari miwili chini.

Mtu yeyote aliyeishi Dzaleka hata mwaka mmoja angemwambia. Karatasi yenye umri juu yake, yenye "mzazi mmoja" na saa kamili, haiwezi kuwa mchezo. Karatasi ya namna hiyo ni mradi wa shirika linalogawa misaada. Kabla ya Ijumaa jioni mtu alikuwa ameipiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake mwingine ameandika, "Mbebe kadi za familia."

Jumamosi Régine alipika uji wa watoto wanane, akafagia, akatandika mkeka. Alipofungua mlango aliona foleni. Ilianza kwenye kizingiti chake, ikapita bombani, ikakunja kona. Watoto walikuwa wamenawishwa uso na kupakwa mafuta. Mbele kabisa alisimama Papa Lwaboshi, mzee mwenye daftari, asiye na mtoto mdogo hata mmoja.

"Tuko tayari makumi tatu na moja," alisema. "Nimesha fanya lisiti ya majina, usisumbuke. Ni organisation gani?"

"Hakuna organisation, Papa Lwaboshi."

"Najua, hawapendi itajwe mbele. Lakini ni sabuni ao ni mafuta?"

"Ni batoto bacheze."

"Bacheze. Halafu?"

"Halafu barudi nyumbani."

Jibu hilo lilipita kwenye foleni kutoka mtu hadi mtu, kama ndoo inayopokezanwa. Kisha ikaja kelele.

"Mi nimeacha laini ya maji juu mutoto acheze?"

"Batoto banacheza kila siku bure! Nani alibafundisha?"

"Na huyu wangu ananyonya, nimesema iko na miaka ine! Nimemutia zambi ya bure!" Hapo wengine walicheka, na kicheko kiliwasaidia kuondoka bila kupiga mtu. Lakini mwanamke mmoja mrefu, ambaye Régine alimshonea gauni la ubatizo bila faida, aligeuka kabla ya kukata kona, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Kumbe njo kusema mutoto wake bubu anatafutiwa bantu. Si angesema tu?"

Papa Lwaboshi ndiye aliyeondoka mwisho. Alipasua ukurasa wake taratibu, akamkabidhi Régine. "Labda siku ingine," alisema kwa huruma.

Régine aliingia ndani. Orpa alikuwa chini ya cherehani, amejikunja, vidole masikioni. Uji ulikuwa unaganda ngozi juu. Régine akakaa kwenye kiti chake cha kazi na kuukanyaga mguu wa mashine bila kitambaa, kwa sababu ilikuwa lazima mguu wake ufanye kitu.

"Hodi hapo! Mi nimechelewa. Wamesha gawa?"

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, beseni la nyanya kichwani na mtoto wa kike ubavuni. Régine alimjua kwa sura tu: Nibigira, Mrundi anayeuza nyanya upande wa pili wa bomba.

"Hakuna kitu cha kugawa," Régine alisema. "Bote basha kwenda. Ilikuwa tu batoto bacheze pamoja. Unisamehe."

Nibigira aliutazama mkeka, kisha sufuria. "Na huo uji?"

"Ulikuwa wa batoto."

"Yoo, mtoto si huyu hapa?" Akatua beseni, akakaa kizingitini bila kukaribishwa, akanyoosha miguu. "Kelly, ingia. Mi nimetembea tangu saa kumi na moja, siondoki mahali penye uji."

Kelly alikuwa na miaka mitano, meno mawili ya mbele hayapo, na sauti ya kuuzia nyanya. Alizunguka chumba, akagusa kila kitu, akainama chini ya cherehani. "Hapa njo kwako?" alimuuliza Orpa. Orpa alimwangalia. "Mi naingia," alisema Kelly. Akasubiri kidogo. "Amekubali," akawatangazia wakubwa, na kutambaa ndani.

*

"Kwetu mtu anakuja tu," alisema Nibigira, Régine alipomwomba wapange siku. "Anayeuliza saa ya kuja kwako ni mwenye deni, ama ni polisi."

"Mi si polisi."

"Na mi haunidai." Wakacheka. Nibigira akala uji uliobaki sufuriani kwa kidole. "Basi, Jumatano kwako, chekechea haifunguliwi siku hiyo. Jumamosi kwangu. Saa nne. Mashine ya kusaga ikianza kulia, hiyo njo saa nne yangu. Jumatano naenda kuchukua nyanya Lumbadzi, na huyu sina pa kumuacha. Lakini Jumatano ya kwanza nitakaa, nione kama unachapa watoto."

Alikaa. Na ile ya pili, badala ya kwenda Lumbadzi siku hiyo, alikwenda jana yake ili akae tena. Alisema ni kwa sababu ya miguu yake. Kelly alikuwa anaendesha mchezo kama mwenye duka: vifungo vilikuwa nyanya, vipande vya vitenge vilikuwa noti, Orpa alikuwa mteja. Alipotaka kitu alinyoosha kidole, na Kelly alimsemea. "Orpa anasema hizi zimeoza." "Orpa anasema umupunguzie." "Mama Orpa, Orpa anasema uji iko na moto."

"Amesema kweli?" Régine aliuliza, akaacha kushona.

"Hapana," alisema Kelly. "Lakini iko na moto."

Ezechiel, aliporudi mapema siku moja, alichuchumaa mbele ya binti yake na biskuti mkononi. "Sema biskuti. Bis-ku-ti. Sema, papa anakupa." Orpa alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Papa Orpa," alisema Nibigira, "juzi kanisani pasteri alikusimamisha ushuhudie. Uliongea?"

"Ile ni ingine."

"Ego, ndiyo, ni ingine. We ulikuwa na suti." Régine alicheka mpaka akajichoma sindano, na Ezechiel aliila biskuti mwenyewe.

Aliyekuwa wa kwanza kuongea, ikiwa mtu angetaka kusema ukweli, ni Régine. Miaka sita katika kambi yenye watu hawa wote alikuwa amesema na wateja juu ya mikono na makola, na pia na mwalimu wake wa Kiingereza juu ya wakati uliopita na wakati ujao, basi. Sasa, Jumatano na Jumamosi, alijikuta anamweleza Nibigira kwamba anaogopa. Anaogopa mtoto wake atabaki nyuma ya mlango maisha yake yote. Anaogopa ni yeye aliyefunga kamba.

Nibigira alikuwa anachambua maharagwe. Hakumwambia usiogope. Alisema, "Huyu wangu anaongea mpaka usingizini, na mwenyewe naogopa. Atamtukana mtu mkubwa siku moja." Na kwa namna fulani jambo hilo lilimpunguzia Régine mzigo kuliko pole zote za kanisani.

Usiku, Orpa alianza kuhesabu siku. "Kesho kutwa njo Kelly?"

"Njo Kelly."

"Na kiisha?"

"Na kiisha tunaenda kwabo."

*

Jumatano ya mwisho kabla ya siku ya mwalimu, Régine alikuwa na magauni kumi na mawili ya kwaya. Yalitakiwa Jumapili. Uzi ulikuwa umekwisha, ukapatikana, ukawa na rangi nyingine; mkuu wa kwaya alikuwa amepita mara mbili tangu asubuhi. Mashine ya kusaga ilipoanza kulia, Kelly alikuwa mlangoni, peke yake. Nibigira alikuwa amemwacha kwenye kona na kuwahi gari la Lumbadzi, kwa kuwa sasa alikuwa haogopi kumwacha.

"Leo hapana, Kelly," alisema Régine bila kuinua macho. "Niko na kazi nyingi. Rudi, tutaonana siku ya posho, Jumamosi."

"Lakini leo njo Jumatano."

"Najua, mama. Rudi kwenu."

Kelly alisimama kidogo. Orpa alikuwa amekwisha kupanga vifungo juu ya mkeka, safu mbili, na alikuwa amesimama katikati yao anamwangalia mama yake. Kelly akaondoka. Régine aliinuka, akafunga kamba ya mlango, akarudi kwenye kola ya saba.

Ilikuwa jioni, jua bado liko juu ya mabati, Nibigira alipokuja. Hakuwa na beseni. Alimshika Kelly mkono kwa nguvu, na miguu ya mtoto ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini.

"Ujue wamemkuta wapi? Kwenye barabara kubwa. Amekuta nyumba yetu imefungwa, akaamua kunifuata Lumbadzi kwa miguu. Mtu wa kabaza njo amemrudisha."

"Mungu wangu. Mama Kelly, sikujua kama—"

"Haukuuliza!" Nibigira hakuwa anapiga kelele, ingekuwa heri angepiga. "Mi niliicheka saa yako, lakini niliishika. Ulisema Jumatano, nikapanda gari na roho nzuri. Mara ya kwanza tangu nimefika nchi hii napanda gari na roho nzuri. Kumbe Jumatano yako inafungwa na kamba."

Régine aliinuka, kola bado mkononi. Nibigira alikwisha kugeuka.

Usiku ule Orpa hakuhesabu. Alhamisi hakusema neno, hata nyumbani, hata alipoulizwa kama anataka chai. Ijumaa vilevile. Ezechiel alisimama katikati ya chumba na mikono imening'inia.

"Sasa hata sisi anatunyima," alisema. Hakuwa anatania.

"Siku ya kwanza Madamu anabaita mbele."

"Acha Madamu. Kesho ni randevu ya kwao Kelly, haiko vile?"

"Atatufungia mulango. Na ana haki."

"Afunge. Lakini saa ine bakukute unabisha." Akafikiri. "Na usibebe maneno mingi. Uko na Kiswahili mingi sana siku hizi, tangu unasoma Kiingereza."

Jumamosi asubuhi magauni mawili yalikuwa bado hayana mikono. Régine alifunika cherehani. Mkuu wa kwaya alimkuta njiani, akauliza kama anakwenda kununua uzi.

"Hapana, papa. Napeleka mutoto kucheza."

"Kucheza! Na kwaya?"

"Kumi batavaa. Babili bajifunge kitenge." Akapita, masikio yanawaka.

Mashine ya kusaga ililia wakiwa bado hatua ishirini. Régine akakimbia, Orpa akikimbia naye. Mlango wa Nibigira ulikuwa wazi, na mwenyewe amekaa pembeni ya moto, anageuza sufuria. Hakuinuka.

"Umefika," alisema.

"Nimefika. Nilikosa, Mama Kelly. Siko na neno ya kuongeza."

Nibigira alipuliza moto. "Nilitaka kufunga," alisema. "Niliamka nikasema leo nafunga. Halafu huyu akaoga mwenyewe, bila kuitwa. Ujue haijawahi kutokea?" Akasogeza kibao kwa mguu. "Kaa. Ukinifanyia vile tena nitakuja kukaa kwako mwezi mzima na nyanya zangu."

"Uje."

"Usinijaribu."

Nyuma ya nyumba Kelly alikuwa amejenga duka la udongo. Alipomwona Orpa hakuuliza kitu, alimsukumia tu tope la kwake, na mara wakawa vichwa viwili vimegusana. Wakubwa walibaki kwenye moto. Régine alimchambulia Nibigira mboga. Polepole, habari za nyanya za Lumbadzi zilirudi, na habari za magauni yasiyo na mikono, na Nibigira aliposikia juu ya waimbaji wawili watakaofunga kitenge, alicheka mpaka akashika kibao.

Wakanawa, wakala. Nsima, ugali wa nchi hii, ilikuwa laini, maharagwe yamepikwa na ngogwe na mawese kidogo, namna ya kwao Nibigira, mpaka mchuzi umekuwa mzito. Régine alikula kwa heshima ya mgeni. Alimwona Orpa anakula bila heshima yoyote: kichwa chini, mkono unakwenda na kurudi, mpaka sahani ikang'aa. Kisha mtoto akaangalia sufuria. Akaangalia tena. Régine alimgusa goti kwa siri, kwa namna ambayo kila mtoto aliyelelewa anaielewa: kwa watu haturudii, kwa watu tunasema tumeshiba.

Orpa alimgeukia Kelly amsemee. Kelly alikuwa amejaza mdomo mashavu yote mawili, macho yamemtoka, hawezi hata kumeza. Orpa alimsubiri. Kelly akatikisa kichwa, akanyoosha kidole chenye nsima kuelekea kwa mama yake: mwambie mwenyewe.

Nibigira alikuwa ameliona jambo zima. Aliweka mwiko juu ya sufuria, akakunja mikono, akawa anaangalia nje mlangoni kama mtu anayesubiri mvua. Régine aliondoa mkono wake kwenye goti la mtoto.

Orpa akasimama na sahani yake mikononi.

"Mama Kelly," alisema, kwa sauti yake nzima, "uniongeze maharagi."